Uwanja wa Shule Umezungushiwa Mabati: Mwongozo Kamili wa Kuokoa Ardhi ya Umma Kenya

Mara nyingi huanza na mabati. Ijumaa jioni lori linamwaga nguzo kando ya uwanja wa shule. Jumatatu asubuhi pana uzio, geti na mlinzi mwenye mbwa. Mlinzi hamjui aliyemwajiri, anamjua wakala tu. Mwalimu mkuu anampigia chifu simu, chifu anasema hajaarifiwa lolote. Basi vijana wanataka kuubomoa uzio jioni hiyo hiyo, na wazee wanataka kwenda kwa mheshimiwa kumsihi.

Yote mawili yaache kwanza. Ukibomoa, utashtakiwa wewe kwa uharibifu wa mali na kesi ya uwanja itasahaulika. Ukimsihi mheshimiwa, umekubali kwamba uwanja ni hisani yake, na mwenye kutoa hisani huweza kuiondoa.

Uwanja si hisani. Kifungu cha 61 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote ya Kenya ni mali ya Wakenya kwa pamoja kama taifa, kama jamii na kama watu binafsi. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, cha 43 kinataja afya, maji safi na makazi, na cha 42 mazingira safi. Anayenyakua kiwanja cha zahanati, pamoja na afisa aliyemtilia sahihi, amegusa haki hizo moja kwa moja, wala hili si suala la mipango ya miji peke yake. Kuna faida ya vitendo katika kulitazama hivi: anayedai haki ya Katiba anaweza kwenda mahakamani kwa niaba ya umma, na Kifungu cha 22 kinasema asitozwe ada ya kufungua kesi.

Wala usidhani mambo haya ni ya mtaa wenu tu. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 na ambayo ripoti yake ilitolewa 2004, ilikadiria kwamba hati zaidi ya 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria katika miongo minne baada ya uhuru: misitu, viwanja vya shule, hifadhi za barabara, hata makaburi. Hati hizo nyingi zimeuzwa na kuuzwa tena, na baadhi yake ndizo zinazochomoza leo nyuma ya mabati.

Kabla ya yote: hakikisha unamlenga mnyakuzi

Hapa nitakawia kidogo, maana neno "unyakuzi" limetumiwa vibaya. Mama anayeuza samaki kwenye kibanda kando ya barabara, na familia zilizojenga vyumba vya mabati kwenye ardhi ya serikali kwa kukosa pa kwenda, hawako kapu moja na kampuni iliyopata hati ya ekari tano kwa njia za giza. Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hata waliokaa kwenye ardhi ya umma wana haki ya makazi inayostahili kulindwa. Sheria ya Ardhi nayo inataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwahamisha watu. Kwa hiyo kama kampeni yenu inataka kufurusha maskini ili "kurudisha ardhi ya umma", simameni mjiulize ni nani atakayefaidika ardhi ikishakuwa tupu. Mara nyingi ni bwenyenye aliyekwisha kuandaa ramani yake.

Hatua ya kwanza: siku tatu za mwanzo ni za ushahidi

Piga picha za uzio, za mashine na za namba za magari. Washa huduma ya mahali kwenye simu ili picha zibaki na tarehe na eneo. Piga pia picha zisizosisimua: goli la mpira lililobaki ndani ya uzio, njia ya miguu iliyokatwa, bomba la maji la shule.

Kisha fungua daftari moja, liandikwe na mtu mmoja mwenye hati inayosomeka. Aandike nani aliona nini, saa ngapi, nani alisema nini, afisa gani alikuja na alikuwa na barua gani. Mawakili hupenda daftari kama hilo kuliko hotuba.

Baada ya hapo tafuteni mambo ya zamani. Google Earth kwenye kompyuta ina picha za angani za miaka iliyopita. Rudi nyuma mwaka hadi mwaka, utaona uwanja ukiwa uwanja, bila jengo. Chukua nakala za picha hizo. Tafuta kumbukumbu za mikutano ya bodi ya shule, risiti za uzio wa zamani, barua ya idara ya elimu, picha za siku ya michezo ya 1994. Wazee wanaoujua mpaka waandikiwe maelezo yao mapema, na baadaye wale kiapo mbele ya kamishna wa viapo.

Hatua ya pili: nenda masjala, hapo ndipo wizi ulipofanyika

Mabati ni matokeo tu. Wizi wenyewe ulifanyika kwenye karatasi, pengine miaka 20 iliyopita, na ni lazima uione karatasi hiyo.

Anza na namba ya kiwanja. Kama huna, chukua namba za viwanja vya majirani, nenda ofisi ya upimaji ya kaunti ununue ramani ya eneo. Kiwanja chenu kitaonekana katikati yao. Ukishakuwa na namba, omba upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi. Nairobi na maeneo mengine yaliyokwisha kuingizwa kwenye mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021, upekuzi hufanyika mtandaoni. Kwingine bado unapanga foleni na fomu mkononi. Lipa kwa njia rasmi na uhifadhi risiti. Karani akikuambia "acha kitu kidogo nikutafutie faili", andika jina lake kwenye daftari. Anayedai ardhi iliyoibwa kwa rushwa hana nafasi ya kutoa rushwa, na upande wa pili utafurahi sana kuigundua.

Cheti cha upekuzi kinakuonyesha mwenye jina leo. Hakitoshi. Omba pia nakala iliyothibitishwa ya sajili yenyewe, ile inayoitwa kadi ya kijani, inayoonyesha kila aliyewahi kuandikwa. Iso­me kwa makini: kiwanja kilisajiliwa lini kwa mara ya kwanza? Nani wa kwanza? Kilihama mikono mara ngapi, na kwa haraka kiasi gani? Kampuni inayopata kiwanja leo na kukiuza baada ya miezi michache inatia shaka. Ndivyo ardhi iliyoibwa inavyosafishwa, hadi ifike kwa mnunuzi anayesema "mimi sikujua".

Zamani maneno hayo yalitosha kumwokoa. Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, kwenye eneo la wazi la kupitia kwenda ufuoni. Kilikuwa kimegawiwa kwanza kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, 1989, kikauzwa, kisha kikauzwa tena hadi kuifikia kampuni hiyo. Mahakama ilisema hati haisimami yenyewe. Inasimama juu ya mizizi yake. Ikiwa ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hakuna kilichopatikana cha kuuza, na mnunuzi wa mwisho halindwi hata kama alilipa pesa zake halali. Kifungu cha 40(6) cha Katiba kinasema wazi kwamba ulinzi wa mali hauihusu mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria. Wanaopigania njia za ufuo kutoka Shanzu hadi Diani wanapaswa kuijua hukumu hii vizuri.

Mizizi ya hati ya ardhi ya serikali mjini huwa na hatua zinazofuatana. Kwanza mpango wa eneo, unaojulikana ofisini kwa herufi PDP, uandaliwe na kuidhinishwa. Kisha barua ya ugawaji. Kisha aliyegawiwa akubali masharti kwa maandishi na alipe kinachotakiwa, ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua. Kisha upimaji, na mwisho hati. Pitia moja baada ya nyingine ukitafuta inayokosekana au iliyo na tarehe inayogongana na nyingine. Hati iliyotangulia mpango wake ni hati yenye maswali. Na kama mwenye mabati ana barua ya ugawaji tu, kesi ya Torino Enterprises iliyoamuliwa Septemba 2023 inakusaidia: mahakama ilisema barua ya ugawaji si hatimiliki na haiwezi kuhamisha ardhi.

Kuna kigezo kingine. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 12, inakataza kugawa ardhi iliyotengewa elimu, usalama na utafiti, fuo na maeneo ya kuegesha mashua za uvuvi, misitu, mikoko na ardhi oevu. Kama kiwanja chenu kimo humo na kiligawiwa baada ya sheria hiyo kuanza, hoja yenu iko karibu kukamilika.

Hatua ya tatu: barua ya kuomba taarifa

Faili isipoonekana, na aghalabu haionekani, tumia Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016. Ombi linaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, huhitaji wakili, wala huhitaji kueleza kwa nini unataka. Hii hapa barua ya kunakili:

*Kwa Afisa wa Taarifa,*
*KUH: OMBI LA TAARIFA, KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA KUPATA TAARIFA YA 2016*
*Sisi wakazi wa (mtaa), raia wa Kenya, tunaomba nakala za hati zifuatazo kuhusu kiwanja namba (…): mpango wa eneo ulioidhinisha ugawaji, barua ya ugawaji na uthibitisho wa kukubaliwa na kulipiwa, kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha ugawaji huo, ramani ya upimaji, na maombi yoyote ya kubadili matumizi ya ardhi pamoja na tangazo lake kwa umma. Tunatarajia jibu ndani ya siku 21. Iwapo hati yoyote haipo katika ofisi yako, tunaomba utueleze hivyo kwa maandishi na kuelekeza ombi hili kwa ofisi inayoishikilia.*

Peleka nakala tatu: moja kwa idara ya ardhi ya taifa, moja kwa idara ya mipango ya kaunti, moja kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kila mahali hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri hukupeleka barua.

Siku 21 zikipita kimya, au ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaifahamu kama Ombudsman. Na ukijibiwa kwamba "hakuna kumbukumbu ya mpango wala kikao", usivunjike moyo. Umepewa ushahidi wenye muhuri wa serikali kwamba mizizi haipo.

Hatua ya nne: zuia mauzo na ujenzi wakati unaendelea kutafuta

Kuna vitu viwili vya kuzuia, na watu huzuia kimoja wakasahau kingine.

Kwanza karatasi. Bodi ya shule au taasisi inayotumia ardhi imwandikie msajili wa ardhi ikiomba kizuizi kiwekwe kwenye sajili, kwa kuwa kuna dalili za ulaghai. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa msajili uwezo huo katika kifungu cha 76. Kizuizi kikiingia, kiwanja hakiuziki wala benki haikipokei kama dhamana.

Pili, mchanga na saruji. Nenda idara ya mipango ya kaunti uulize kama kuna kibali cha ujenzi au cha kubadili matumizi. Matangazo ya kubadili matumizi hutoka kwenye gazeti na ubaoni kiwanjani, na kwa kawaida hutoa siku 14 za pingamizi, kwa hiyo soma kurasa zile za matangazo ambazo hakuna azisomaye. Kama hakuna kibali, omba kaunti itoe notisi ya kusitisha. Kama ni kando ya bahari, mto au mikoko, iandikie pia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uulize leseni ya mazingira. Kama ni hifadhi ya barabara, mamlaka ya barabara husika.

Hatua ya tano: ripoti ya ufisadi

Hati ya uongo haijiandiki. Kuna aliyechora, aliyesaini na aliyesajili, na hao ni kazi ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Unaweza kwenda ofisini, Mombasa na Malindi zipo, kupiga namba ya bure 1551, au kuripoti kupitia tovuti yao bila kutaja jina. EACC ina uwezo wa kuchunguza jinai na pia wa kufungua kesi ya madai ili ardhi irudi, na imekwisha kurudisha viwanja vingi vya umma kwa njia hiyo. Lakini ina kazi nyingi na haina haraka yako. Ripoti iliyoambatanishwa kadi ya kijani, picha na barua zenye muhuri husogea. Ripoti ya "fisadi fulani ametunyang'anya" hukaa kwenye rafu.

Tume ya Kitaifa ya Ardhi nayo iandikiwe, kwa kuwa ndiyo inayosimamia ardhi ya umma kwa niaba ya serikali zote mbili. Usiiwekee matumaini yote, ingawa. Sheria ya Tume hiyo ya 2012 iliipa miaka mitano tu ya kupitia upya hati za ardhi ya umma, na muda huo ulikwisha 2017.

Hatua ya sita: mahakamani

Mahali pake ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Huhitaji kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia: Kifungu cha 22 kinamruhusu yeyote kushtaki kwa maslahi ya umma, na cha 70 kinafanya hivyo kwa haki ya mazingira. Kanuni za 2013 za kesi za haki zinaruhusu hata barua ya kawaida ipokewe kama ombi. Hata hivyo nakushauri utafute wakili, kwa sababu mwenye mabati atakuja na wake watatu. Mashirika mawili, Kituo cha Sheria na Katiba Institute, huchukua kesi za maslahi ya umma. Pwani, jaribu mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI au Haki Yetu.

Ombeni mambo mawili. La haraka ni agizo la muda la kuhifadhi hali ilivyo, liombwe chini ya cheti cha dharura siku ile ile kesi inapofunguliwa. Kesi huchukua miaka, na ghorofa nne hujengwa kwa miezi minane. La pili ndilo lenyewe: mahakama itamke kwamba haki zimevunjwa na iamuru hati ifutwe. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa mpango wa kifisadi. Aliye na hati atasema, "Mimi nina hati." Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema 2013, katika kesi ya Munyu Maina, kwamba mizizi ya hati inapopingwa haitoshi mtu kuipunga hati hiyo, lazima aeleze aliipataje.

Washtakiwa wawe wote: mwenye jina kwenye hati, msajili mkuu wa ardhi, Mwanasheria Mkuu, Tume ya Ardhi na kaunti. Ukimwacha msajili nje, huenda ukashinda na asiwepo wa kutekeleza.

Usalama wenu

Hili haliji baada ya hatua ya sita; linaanza siku ya kwanza. Julai 2021, Joannah Stutchbury, aliyepinga uvamizi wa msitu wa Kiambu, alipigwa risasi karibu na kwake. Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura. Wanaopora ardhi hawachezi.

Barua zote zitoke kwa kikundi na zisainiwe na watu wengi. Msemaji awe anabadilika. Nakala za hati zihifadhiwe sehemu tatu, moja nje ya mtaa. Msikutane na "mwakilishi wa mwenye kiwanja" mkiwa wawili hotelini. Kutaneni naye hadharani, na daftari liwe mezani. Vitisho viripotiwe polisi mpate namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, kisha mwarifu Muungano wa Kitaifa wa Watetezi wa Haki za Binadamu, ambao husaidia walio hatarini.

Mkitaka kuandamana, Kifungu cha 37 kinawalinda, na sheria inataka OCS, mkuu wa kituo cha polisi, aarifiwe siku tatu hadi 14 kabla. Wanafunzi wasiwekwe mbele. Tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi wa Lang'ata Road Primary waliandamana baada ya kukuta uwanja wao umezungushiwa ukuta, wakarushiwa vitoa machozi. Picha zilizunguka dunia na uwanja ukarudi, ndiyo. Lakini hakuna mtoto anayepaswa kulipia uwanja kwa mapafu yake.

Hatua ya saba: baada ya ushindi

Hukumu haijitekelezi. Wakili achukue amri rasmi ya mahakama, ipelekwe kwa msajili, na ndani ya wiki chache urudi kufanya upekuzi upya uone kama jina limefutwa kweli. Lisipofutwa, kiwanja kinaweza kuuzwa tena huku nyinyi mnasherehekea.

Kisha shule ipate hati yake mwenyewe. Shule nyingi za umma ziliporwa kwa sababu hazikuwa na karatasi yoyote zaidi ya mazoea. Bodi iombe upimaji, bikoni ziwekwe mbele ya majirani na kupigwa picha, na mzee wa mtaa ajue kila moja ilipo. Pandeni miti mpakani, jengeni choo au chumba cha mlinzi kwenye pembe iliyo mbali zaidi na madarasa, maana pembe iliyosahauliwa ndiyo huingiliwa kwanza. Na kila Januari mtu mmoja wa bodi alipie upekuzi wa kiwanja na karatasi iwekwe kwenye faili la shule.